Eda ya Kipupwe

Watu wa bara hucheka tukiwaambia Mombasa kuna baridi. Jirani yangu wa Changamwe, mwanamke aliyezaliwa huko juu milimani, alinikuta asubuhi moja ya Julai nimejitanda kanga tatu na shuka la kitandani juu yake, napepea makaa, akaegemea mlango wake akacheka mpaka akafuta machozi. "Hii ndiyo baridi yenu?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo hii, na kama haimtoshi basi apande gari la moshi arudi kwao akatafute kubwa zaidi. Alikuwa mtu mwema, na katika habari hii nitamrudia, lakini kwa baridi yetu hakuwa na adabu.

Kipupwe cha pwani hakigandishi maji. Kazi yake ni kulowesha. Kusi huvuma kutoka baharini siku nzima, manyunyu huja na kuondoka bila kuaga, nguo ulizoanika asubuhi huzianua jioni zikiwa mbichi vilevile, chumvi hugeuka maji koponi, na kuta za udongo hutoa harufu ya shimo. Mwenye mwili mzima hulalamika tu. Mwenye kifua kibaya huogopa. Mama yangu alikuwa na kifua kibaya tangu nilipopata akili, na kila mwaka tulikivuka kipupwe kwa tangawizi, habasoda na dua. Kipupwe ninachotaka kukieleza, cha mwaka uliotangulia uhuru, kilimkuta amefungiwa chumbani, kwa kuwa alikuwa katika eda ya Baba.

Baba alikufa alfajiri ya siku ya kwanza ya Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mvua za masika zikimwagika. Sharia humtaka mjane akae eda miezi minne na siku kumi, na miezi yenyewe ni ya mwandamo. Akae nyumbani, asijipambe, asijifukize udi, asiposwe. Hayo yamo kitabuni na sina ugomvi nayo. Lakini kwetu Likoni kitabu kilikuwa na majirani, na majirani walikuwa wameongeza yao: dirisha la mjane lisifunguliwe, chakula chake kisichanganywe na cha watu wengine, na zaidi ya yote, sauti yake isisikike na mwanamume wa nje. Nani aliyeanzisha nyongeza hizo hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Nami nilikuwa miongoni mwa wasiouliza.

Msimamizi wa eda alikuwa shangazi yangu, dada yake Baba, aliyekuwa akiishi na wazee wangu nyumba moja. Yeye mwenyewe alifiwa na waume wawili na eda zote mbili alizikaa barabara, jambo alilolitaja kila alipopata nafasi, na nafasi alizipata nyingi. Alikuwa mwembamba, mkali, mcha Mungu wa kweli. Sitaki msomaji afikiri namsema vibaya. Namsema vibaya kidogo tu. Nyuma ya mlango wa chumba cha Mama alitundika uzi wa ukindu, ule wa kusukia mikeka, na kila ikifika Magharibi aliupiga fundo moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kalenda yetu.

Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka wa tatu, naishi katika nyumba za wafanyakazi huko Changamwe, karibu na matangi ya mafuta, ambako malori yakipita vikombe hugongana kabatini. Mume wangu alikuwa fundi huko matangini. Nilikuwa na mtoto mmoja, binti wa miezi sita. Kila Jumapili tulipanda basi hadi kisiwani, tukavuka kwa feri hadi Likoni, kisha tukashika njia ya mchanga katikati ya mashamba ya mihogo mpaka nyumbani. Mume wangu alibaki barazani pamoja na wanaume, ambao mwaka ule hawakuwa na mazungumzo mengine isipokuwa nani atautawala mwambao Mzungu akishaondoka. Mimi nilizunguka uani, nikavua buibui lililolowa, nikaingia kwa Mama.

Jumapili moja mwanzoni mwa Juni nilimkuta ameketi kitandani, mgongo ameukunja, kanga ameisokota akaitia kinywani. Nilidhani anatapika. Mabega yake yalikuwa yakirukaruka na mishipa ya shingo imesimama, lakini hapakuwa na sauti yoyote chumbani zaidi ya manyunyu juu ya makuti. Alikuwa anakohoa ndani ya kanga. Alipomaliza aliitoa, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi, akanitazama kwa haya, utadhani nimemfumania anaiba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nionyesha mjukuu wangu. La, usimlete karibu. Mshike papo hapo mlangoni nimtazame."

"Mbona wakohoa hivyo?"

Alinyoosha kidole kuelekea barazani. "Kuna wanaume."

Sikuuliza zaidi. Nilipokuwa naondoka mume wangu aliniuliza kama Mama hajambo, nikamwambia hajambo kidogo. Kwetu mgonjwa huwa hajambo kidogo mpaka siku ya kumzika.

Sasa niwaeleze wageni. Mjane hatoki, kwa hivyo watu humjia, na kipupwe kile walikuja kama waliopigiwa mbiu. Walikuja wa Mtongwe, wa Ng'ombeni, wa Kisauni, wengine sikuwahi kuwaona maishani mwangu wakaniambia waliniosha nilipozaliwa. Kila mmoja aliingia chumbani kwa Mama, akalia kidogo kwa ajili ya Baba, akafuta macho, akaketi mkekani, akatoa dawa. Huyu mafuta ya karafuu ya kumkanda kifuani. Yule mizizi isiyo na jina, ichemshwe na pilipili manga. Mwingine akasema kinachomuumiza ni upepo, basi dirisha likazibwa kwa gunia juu ya kule kufungwa kwake, na seredani ya makaa ikaletwa ndani ili mgonjwa apate joto. Watu saba, moshi wa makaa, mabuibui yanayotoa mvuke wa mvua, na katikati yao mwanamke asiyepata pumzi. Wakisha hayo wakala. Sikumbuki mgeni hata mmoja aliyeondoka bila kula. Niliwapakulia kwa adabu zote na moyoni nikawalaani mmoja mmoja kwa zamu.

Wala si kwamba hawakumpenda. Ndilo linaloniumiza mpaka leo. Walikuja kwa miguu kwenye matope, wengine watu wazima wenye magoti mabovu, kwa sababu walimpenda. Kila aliyetoka chumbani mle alimsifu kwa sauti ya chini: hata kukohoa hasikiki, mwanamke huyu ana heshima. Sifa hizo zilimfikia Mama. Nadhani zilimshika zaidi kuliko mlango.

Dawa zilipokuwa hazisaidii, shangazi alikwenda kwa maalim wa mtaa, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, akamwomba kombe. Maalim akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, shangazi akaileta ameifunika, tukaiosha kwa maji ya waridi, Mama akanywa. Hilo lilifanyika mara tatu. Mara tatu shangazi alisimama mbele ya maalim akamwambia kifua cha wifi yake kimezidi, mara tatu akarudi na sahani. Liweke hilo akilini, msomaji, kwa maana mimi silitoi.

Mwezi wa Julai Mama alianza kukonda. Uzi wa hirizi mkononi mwake ulipanda hadi karibu na kiwiko. Siku moja niliichukua ile kanga niifue nikaona doa, nikalifua mara mbili, sikumwambia mtu. Niliporudi Changamwe siku hiyo jirani yangu aliniona nimekaa kizingitini sijawasha hata moto, akaja na makaa yake kwenye kijiko, akaniwashia. Nikamweleza. Sijui kwa nini nilimweleza yeye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na hospitali?"

"Nimekwambia yumo edani. Hatoki."

"Nimeelewa hatoki kwenda sokoni. Lakini dada, mtu ni mgonjwa. Mungu wenu hataki mgonjwa aende hospitali?"

Damu ilinipanda. Nilimwambia mambo ya dini yetu asiyoyajua ayaache kama alivyoyakuta, na kwamba kwao labda mume akifa kesho yake mjane yuko dansini, lakini kwetu hatufanyi hivyo. Aliokota kijiko chake akarudi ndani. Nilikaa pale nimekasirika jioni nzima, na sasa najua nilikasirika kwa sababu alikuwa ameuliza swali ambalo mimi niliona haya kuliuliza. Ningelipeleka wapi? Nikimwendea maalim nikamuuliza kama Mama anaweza kutoka, kabla sijafika nyumbani Likoni nzima ingesema binti ameolewa huko kwenye matangi, amechanganyika na watu wa bara, sasa anataka kumtoa mamake edani kabla kaburi la babake halijakauka. Niliogopa maneno ya watu. Sina sababu nyingine ya kutoa.

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia amezungumza na msimamizi wake kazini, na wamemkubalia pikapu siku moja, Alhamisi ya wiki ile ambayo eda ingekwisha, kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Mama angelazwa nyuma kwenye godoro na turubai juu yake, avushwe kwa feri bila kusimama foleni ya mabasi, afikishwe hadi mlango wa hospitali. "Siku nyingine hawatanipa," akasema. Nilimshukuru. Nikaanza kuhesabu mafundo ya ukindu.

Na hapo ndipo mwezi ulipotuletea ugomvi. Ili siku kumi za mwisho zianze, ulihitajiwa mwandamo wa Mfungo Sita. Jioni ya siku ya ishirini na tisa watu wa Likoni walitoka kuutafuta, wakaona mawingu. Kipupwe hicho. Kwa hivyo mwezi ukakamilishwa siku thelathini, kama ilivyo kawaida. Baada ya siku mbili akaja mama mdogo, ndugu yake Mama wa tumbo moja, anayekaa Kisauni. Nilikuwa nimekwisha kuhamia Likoni na mtoto wangu nimuuguze Mama hizo siku za mwisho. Mama mdogo alivua buibui, akaketi, na kabla hata hajapoa akasema, "Kwetu mwezi ulionekana. Watu watatu wameuona, mmoja wao imamu mwenyewe."

Kwa mwezi wa Kisauni, Mama angetoka edani Jumatano jioni. Kwa mwezi wa Likoni, Alhamisi jioni. Na pikapu ilikuwa ya Alhamisi asubuhi.

Nilimfuata shangazi jikoni, nikamweleza taratibu, kwa heshima zote. Alikuwa anachambua mchele wa Maulidi. Hakuinua uso.

"Mwezi wa Kisauni ni wa watu wa Kisauni," akasema. "Sisi tuko nti yetu. Hatukuuona."

"Shangazi, ni mbingu moja."

"Mbingu ni moya, mawingu ni mbalimbali. Wataka mamako akae eda yenye mashaka? Ndugu yangu alale kaburini, mkewe yuwapita njiani na siku moya hajaitimiza?"

"Ni mgonjwa, shangazi."

"Namuona. Mimi ndiye nimuoshaye." Hapo aliniangalia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, jambo ambalo sikulitazamia. "Siku moya, mwanangu. Amekaa miezi minne. Siku moya haitamshinda."

Mama mdogo alijitia kati na maneno yakawa makali. Alimwambia shangazi kwamba Kisauni nako wanasali kibla kilekile. Shangazi akamwambia aende basi akakae eda ya Kisauni. Walikuwa wanagombana kwa kunong'ona, kwa sababu ya wanaume wa barazani, wamesimama wamekabiliana na ungo wa mchele katikati yao. Nilitoka nikaenda kumuuliza Mama mwenyewe. Nilitumaini atasema neno, nami nilishike neno lake niwarudie nalo wote wawili.

Alikuwa amelala ubavu. Alikwisha kusikia yote.

"Wewe wasemaje?" nikamuuliza.

Alikaa kidogo akikusanya pumzi. "Nisije nikaambiwa nilimvunjia babako siku moya," akasema. "Ngoja. Ijumaa twende kwa basi."

Jumapili mume wangu alipokuja, nilitoka uani nikamwambia pikapu tusiichukue. Akasema, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Nilisema kwa sauti ya shangazi kabisa. Akakubali, kwa kuwa yeye ni mkwe, na mkwe haingilii eda ya mama mkwe wake.

Alhamisi ilipambazuka bila mvua. Mama aliamka na nafuu, au alijitia nafuu. Alikula vijiko vitatu vya uji. Mama mdogo alikuwa ameleta leso mpya za kutokea edani, nyekundu, hazijapigwa pasi, akazikunja juu ya kasha mahali Mama angeziona. Shangazi alichuma majani ya mkunazi akayatia katika sufuria kubwa uani, maji ya kumkogesha Magharibi ikiingia. Alikuwa na furaha kwa namna yake. Alinituma udi, akanituma kichana, akasema nywele za wifi yake atazisuka mwenyewe. Baada ya Alasiri wanaume walianza kukusanyika barazani, maana habari ya mjane kutoka ilikuwa imeenea, na mwenye kahawa akaja na birika lake. Nilisikia vikombe vikigongana na mtu akieleza habari za Mwambao tangu mwanzo kwa ambaye hakuzisikia.

Kikohozi kilimjia Mama ghafla. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mgongoni. Nilimwona akijiinua, mkono wake ukitapatapa shukani kutafuta kanga, na haukuipata kwa kuwa ilikuwa imeteleza miguuni. Nikaiokota nikampa. Mimi mwenyewe. Sikumpa mkononi hata. Niliisokota kama alivyokuwa akiisokota yeye nikaisogeza kinywani mwake, kwa sababu nilikuwa nikisikia sauti za wanaume na miezi yote ile ilikuwa imenifundisha. Aliuma. Mabega yakaruka mara moja, mara mbili, mara nyingi. Kisha yakaacha. Nilingoja aitoe avute ile pumzi yenye mluzi. Hakuitoa.

Najua si kanga iliyomuua. Daktari mmoja aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kifua cha namna ile kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Nimelisikia na nimelielewa. Lakini mkono ulioisogeza ninao, ndio ninaoandikia haya.

Sikupiga ukelele. Hata kilio nilikilia kwa kunong'ona. Mama mdogo ndiye aliyepiga ukelele, na vikombe vya kahawa vikanyamaza.

Shangazi alimfumba macho, akamfunga kidevu, akamnyoosha, akamwelekeza kibla. Alifanya yote bila kutetemeka. Jua lilipotua na adhana ikatoka msikitini aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akaushika uzi wa ukindu akaupiga fundo la mwisho. Sidhani alijua anafanya nini. Mikono ilikuwa imezoea. Alisimama ameushika uzi, akauangalia, akaangalia kitandani, halafu akakaa chini sakafuni palepale. Tulimkogesha Mama kwa yale maji ya mkunazi. Hapakuwa na haja ya kuchemsha mengine.

Siku ya tatu ilisomwa khitima. Wanaume walikuwa ukumbini, sisi wanawake nyuma ya pazia. Walipokwisha kusoma na kula, maalim alikaa nyuma kidogo akizungumza na mume wangu, na pazia halikuwa zito. Mume wangu, aliyekuwa haingilii, aliuliza. Sijui alilibeba swali lile tangu lini. Aliuliza kama mjane aliye mgonjwa sana huruhusiwa kwenda hospitali kabla eda haijaisha.

"Hutoka," maalim akasema, bila hata kufikiri. "Wallahi hutoka. Eda si jela. Ana dharura, hutoka mchana akatibiwa akarudi, na akilazwa hulazwa. Nani asiyejua hilo?" Kisha nadhani akaona uso wa mume wangu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa nyingine. "Mimi nilidhani kwa daktari mmeshampeleka. Nilidhani kombe ni nyongeza juu ya dawa. Mbona hamkuniuliza?"

Nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikuwa tumegombania siku moja, tumenong'onezana juu ya ungo mpaka machozi, na hata siku moja haikuhitajika. Mama angeweza kuvuka feri tangu Juni. Nilimtazama shangazi. Alikuwa anakusanya sahani, moja iko mkononi. Aliiweka juu ya nyingine polepole, pasisikike mlio, akaendelea kukusanya. Hatukuwahi kulizungumza mpaka alipokufa. Lakini tangu siku ile hakuzitaja tena eda zake mbili, na mimi sikumlaumu mbele ya mtu. Kumlaumu kungekuwa kujipangusa mikono yangu kwenye nguo yake.

Niliporudi Changamwe jirani yangu alikuja na unga na mzigo wa kuni, kama wafanyavyo kwao. Aliketi nami tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilikuwa namngoja aulize, nilitaka aniulize, niwe na mtu wa kunitupia neno linalonistahili. Hakuuliza. Alimchukua mtoto akampakata, akamwimbia kwa lugha yao. Nilipofungua kinywa kumwomba radhi kwa maneno niliyomtupia, akasema, "Baridi imepungua leo," akaniachia njia ya kunyamaza.

Miaka mingi imepita. Bendera zilibadilishwa, watu wa barazani wakapata mazungumzo mengine, na mume wangu naye alikufa. Nilikaa eda yangu palepale Changamwe, na kipupwe kikanikuta humo, maana kifua cha Mama nimekirithi. Siku moja wanaume walikuwa wamejaa nje ya dirisha langu, dirisha nililoamuru lisifungwe. Kikohozi kikanishika. Binti yangu, yuleyule aliyekuwa mgongoni siku ile, aliruka akaniletea kanga. Pengine alitaka kunifunika mabega tu; sikumuuliza. Niliisukuma ikaanguka chini. Nikakohoa. Nilikohoa kwa kifua chote mpaka mazungumzo ya nje yakakatika, nikavuta pumzi, nikakohoa tena, na hiyo ya pili ilikuwa ya makusudi.

"Mama," binti yangu akaninong'oneza, "wakusikia."

Nikamwambia, "Na wanisikie."